Wavu Uliohama Tumboni mwa Besi

Dada yangu alipoolewa, alituletea nyumbani mume na tuba. Mume alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mwenye kicheko kilichokuwa kinafika chumbani kabla yake. Tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, lilikuwa la shaba, kuukuu, limebonyea ubavuni, na akilibeba begani ungedhani ni tuba linalotembea kwa miguu ya mtu. Jina lake la kuzaliwa walilijua mama yake na ofisi ya vitambulisho. Sisi wengine tulimwita Besi.

Siku za kazi Besi alikuwa fundi vioo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu, vioo vimesimamishwa wima ukutani pande zote, kiasi kwamba ukiingia tu unakutana na wewe mwenyewe mara kumi na zaidi. Chini kulikuwa na vipande vidogo vilivyolia chini ya viatu hata ukifagia vipi. Nilipenda kumwangalia akikata. Anaweka rula ya mbao, anapitisha kisu cha almasi mara moja tu, kriii, anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana vipande viwili bila ugomvi.

Mwisho wa wiki alikuwa mtu mwingine. Alivaa koti jekundu lenye vifungo vya njano, akalikumbatia tuba lake, na sote tukatoka na bendi yetu ya matarumbeta, bendi tuliyoiita Mapafu. Tulipiga harusini, kwenye mahafali, maduka mapya yakifunguliwa. Mimi ndiye mpiga ngoma kubwa, kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa mgongoni kwake. Naweza kusema hakuna mtu aliyeujua mgongo wa shemeji yangu kuliko mimi, ukimtoa dada.

Sasa, miaka kumi na kitu kabla ya haya ninayotaka kuyasimulia, Besi alikuwa anapandisha kioo cha mbele cha duka la nguo, ghorofa ya pili, na wenzake wawili. Ngazini akasikia kitu kimeachia kinenani. Jioni akaona uvimbe, mdogo kama limao. Akiubonyeza unarudi ndani. Akipuliza tuba unatoka tena.

"Tuba limeongezewa kitufe," alituambia mazoezini, akicheka.

Dada hakucheka. Alimshika mkono kama mtoto wa chekechea, akampeleka hospitali. Wakaambiwa ni ngiri: ukuta wa tumbo umelegea na utumbo unachungulia nje. Hospitali ile walikuwa na mtambo mpya, hawakumpasua kwa kisu kirefu. Walimtoboa matundu matatu tumboni, wakaingiza kamera kwenye tundu moja na vifaa kwenye mengine, na kwa ndani wakambandika wavu wa plastiki mahali palipolegea, ili nyama iote ndani ya wavu na ukuta uwe imara. Kesho yake alikuwa nyumbani. Baada ya miezi michache alikuwa anabeba vioo, anapuliza tuba, na uvimbe umekwisha kabisa. Kovu moja lilijificha kitovuni, mengine mawili yakapotelea kwenye vinyweleo. Besi alisahau kama aliwahi kuumwa, nasi tukasahau naye.

Turudi mwaka jana. Mwaka jana ulikuwa mwaka wetu! Kiongozi wetu, mpiga tarumbeta tunayemwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli mpaka alipostaafu, aliingia dukani kwa Besi akikimbia, simu mkononi, pumzi zimemwishia.

"Tumeingia! Tumeingia fainali!"

"Fainali ipi?" Besi akauliza, bomba la silikoni, gundi ya vioo, mkononi.

"Ya bendi! Uwanja wa mpira! Bendi tano tu mji mzima, na sisi tumo!"

Besi alimrukia. Walikumbatiana pale katikati ya vioo, na ukutani kote wazee wengine wengi wakakumbatiana nao. Silikoni ilimchafua Mwalimu shati zima la mgongoni, na hakuna aliyejali. Kabla jua halijazama mtaa wote ulikuwa na habari.

Mwalimu alitunga muziki mpya kwa ajili ya siku hiyo. Katikati ya muziki huo matarumbeta yote yananyamaza, ngoma zinanyamaza, na tuba linabaki peke yake linazungumza. Mmeshawahi kusikia tuba likiachiwa uwanja? Kwa kawaida kazi yake ni kutembea chini chini, pu, pu, pu, kama mtu anayepanda ngazi. Safari hii liliimba. Besi alipoipiga sehemu ile mara ya kwanza bila kukosea, mpiga tromboni, lile tarumbeta la bomba la kuvuta, alitupa kofia yake juu, ikakwama juu ya paa, na mpaka leo sijui ilishuka vipi.

Tulifanyia mazoezi uani, nyuma ya saluni ya dada. Dada ni msusi, na saluni yake ipo chumba cha mbele cha nyumba yao. Wateja walikuwa wanasukwa huku vichwa vinatikisika kwa mdundo, na dada anawakemea: "Tulia wewe, nitakusuka na sikio!" Ilikuwa raha. Kila jioni watu walijaa ukutani kwetu kusikiliza.

Kitu kimoja tu kilitusumbua, nacho ni tumbo la Besi.

Lilikuwa limeanza miezi mingi nyuma, kidogo kidogo. Akila vizuri, baada ya muda tumbo linajaa, linamsokota upande wa chini wa kulia, linaunguruma kama mabomba ya maji yanayofunguliwa alfajiri. Wakati mwingine anatapika. Halafu ghafla kitu kama kinafunguka huko ndani, kelele zinaisha, anakuwa mzima, anataka chakula kingine. Alilaumu maharage. Akaacha maharage, akalaumu maziwa. Akaacha maziwa, akamlaumu dada.

"Unaweka nini kwenye mchuzi, Mama Mapacha?"

"Sumu," dada akamjibu, "lakini naona haifanyi kazi."

Walikuwa na mapacha wa kike wanaosoma shule ya bweni, ndiyo maana wanaitana hivyo. Alikwenda zahanati akapewa dawa za minyoo. Akarudi, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Alipungua mpaka koti jekundu likaanza kumpwaya, na akafurahi akidhani ni mazoezi.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, tulikuwa uani kwa mazoezi ya mwisho, kwenye saa za mchana. Makoti yalikuwa yamepigwa pasi na kutundikwa kwenye kamba mstari mmoja, vifungo vinang'aa. Besi alikuwa hajala tangu jana yake, na alikuwa ametapika mara mbili asubuhi akamficha dada. Tulipofika ile sehemu, sote tukanyamaza. Tuba likaanza kuimba. Nikiwa nyuma yake niliona mgongo unalowa jasho, shati linabadilika rangi mbele ya macho yangu. Sauti ikatetemeka, ikakatika. Alilishusha tuba chini taratibu, kwa heshima, kama anayemlaza mtoto. Halafu akaenda kwenye kona ya ukuta akatapika maji ya kijani.

"Shemeji!" nikamkimbilia.

"Tumbo," akasema. "Shem, tumbo leo halifunguki."

Niliweka mkono juu ya tumbo lake, na mimi ni mtu wa ngoma, najua ngozi iliyokazwa. Lile tumbo lilikuwa limekaza kuliko ngoma yangu.

Dada alitoka saluni mbio, kitana mdomoni, mikono imejaa mafuta ya nywele. Alimtazama mumewe mara moja tu.

"Umekwenda choo lini?"

"Juzi... labda siku moja kabla."

"Umejamba?"

"Mama Mapacha, mbele ya bendi!"

"Umejamba au hujajamba?"

"Hata upepo hautoki," akasema Besi, na hapo ndipo nilipoona anaogopa.

Mpiga tromboni alileta gari lake. Tulimwingiza Besi kiti cha nyuma, dada upande mmoja, mimi upande wa pili. Mlango wa mbele ukafunguliwa na mama mmoja akaingia akakaa, nusu ya kichwa imesukwa vizuri, nusu nyingine nywele zimesimama wima. Alikuwa mteja wa dada.

"Wewe unakwenda wapi?" dada akamuuliza.

"Nakwenda na kichwa changu," mama yule akajibu. "Ninyi mnadhani nitarudi nyumbani hivi?"

Hospitali walitupokea haraka. Daktari kijana wa chumba cha dharura alimlaza Besi, akambonyeza tumbo huku na huku, akaweka kipimo masikioni akasikiliza. Akakunja uso.

"Mzee, umewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo?"

"Hapana," akasema Besi.

"Hata zamani?"

"Hapana, daktari. Kisu hakijawahi kunigusa."

Dada, aliyekuwa anajifuta mafuta mikononi, akageuka kama amechomwa sindano. "We mwanaume! Na ile ngiri?"

"Ile haikuwa upasuaji, Mama Mapacha. Walinitoboa tu. Si waliweka kiraka?"

Daktari kijana alisimama wima. "Kiraka gani?"

"Wavu," dada akasema. "Walimwekea wavu wa plastiki kwa ndani, kupitia matundu. Upande huu." Akamwonyesha kwa kidole pale pale ambapo Besi alikuwa amejishikilia.

Mambo yakabadilika saa ile ile. Daktari kijana aliinama, akatenganisha vinyweleo na kukiona kikovu kimoja, halafu cha pili. Akatoka karibu anakimbia. Besi alipigwa eksirei, akapelekwa kwenye ule mtambo mkubwa wa picha unaomzunguka mtu kama tairi. Alipitishwa mpira puani mpaka tumboni, na maji ya kijani yakawa yanatiririka kwenye mfuko pembeni ya kitanda. Hapo ndipo akaja daktari bingwa wa upasuaji, mwanamke mrefu wa makamo, amevaa kandambili za chumba cha upasuaji, anatembea kwa haraka ya mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Alituwekea picha kwenye kioo cha kompyuta. Mimi niliona ukungu mweupe na mweusi. Yeye aliona kila kitu.

"Haya yote yaliyojaa ni utumbo mwembamba, umevimba kwa sababu njia imeziba," akasema, kidole kikitembea juu ya kioo. "Na hapa ndipo ulipoziba. Mnaona kitu hiki kilichojikunja? Huo ndio wavu wake. Kona moja imeachia ukutani, ikajikunja, ikagusa utumbo. Utumbo ukanata. Halafu mwaka baada ya mwaka wavu umekuwa ukisugua, ukisugua, na nadhani umeshaingia ndani ya utumbo wenyewe."

"Umeingia?" dada akauliza. "Yaani umemtoboa?"

"Umeuma pole pole, na mwili umejizibaziba kuuzunguka. Ndiyo maana alikuwa anaumwa na kupona, anaumwa na kupona. Njia ilikuwa inabana, inaachia. Leo imebana moja kwa moja."

"Basi kosa ni la waliouweka?" mimi nikauliza, damu imeshanichemka.

Alitikisa kichwa. "Watu wengi sana wanaishi na wavu wa aina hii mpaka wanazeeka, hata hawaukumbuki. Wa shemeji yako ndio uliohama. Hutokea mara chache. Mimi nimesoma habari zake tu, sijawahi kuuona kwa macho yangu." Na nitasema kweli, macho ya yule mama yalikuwa yanawaka. Sikumchukia kwa hilo. Nilifikiri: kama mtu ana hamu hivi ya kuuona, atautafuta vizuri.

Alimwinamia Besi, akamweleza bila kuficha. Lazima wafungue tumbo leo leo. Watakata kipande cha utumbo kilichoharibika na kuunganisha pande mbili nzima. Wavu utatolewa, maana umeshachafuka. Na kama wakikuta hali mbaya ndani, huenda wakatoa mwisho wa utumbo nje kwa muda, akawa anapata choo kwenye mfuko uliobandikwa tumboni.

Besi aliduwaa. "Mfuko? Upande gani?"

"Kulia, pengine."

"Tuba linakaa kulia!"

"Utalihamishia kushoto," dada akamwambia. "Tia sahihi."

Akatia sahihi. Walipokuwa wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, alinivuta ukosi wa shati. Mpira wa puani ulimfanya aseme kama bata. "Mwambie Mwalimu, ile sehemu yangu apewe mpiga tromboni, na aishushe chini. Asipige juu juu. Ashuke chini, amesikia?"

"Amesikia, Shemeji."

"Na wewe usikimbilie mbele ya mdundo. Huwa unakimbilia."

Mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Dada alikuwa hawezi kutulia: anasimama, anakaa, anafungua mkoba, anafunga. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya. Mwisho yule mteja mwenye nusu kichwa akashuka chini, akakaa sakafuni mbele yake, akamwegemea magotini.

"Nisuke," akasema.

"Hapa?"

"Kwani kuna mahali pengine?"

Dada akachomoa kitana alichokichomeka kwenye nywele zake na kuanza. Nesi aliyepita akasimama, akafungua mdomo kukataza, akaufunga, akaenda zake. Vidole vya dada vilikwenda kasi ambayo sijawahi kuiona. Mistari ilinyooka kama imepigwa rula. Mara moja moja yule mama alipandisha mkono na kumpapasa dada goti. Kichwa kilipokwisha, walianza kufumua upande wa kwanza ili ulingane na wa pili.

Jua lilikuwa linazama madirishani mlango ulipofunguliwa. Daktari bingwa alitoka, barakoa imeshuka kidevuni, na kabla hajasema chochote nilijua, kwa sababu alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Yuko salama! Na tumeupata!"

Dada alisimama, akamkumbatia daktari pamoja na damu iliyokuwa kwenye gauni lake. Mteja akatukumbatia wote.

Alituonyesha kichupa kilichokuwa kinakwenda maabara. Ndani ya maji kulikuwa na kipande cha utumbo, urefu wa kiganja hivi, na katikati yake, kama chandarua kilichopandwa ndani ya nyama, vilionekana vijicho vidogo vya wavu. Upande mmoja nyuzi zilikuwa zimechomoza ndani kabisa, mahali ambapo chakula hupita. Sikuamini kwamba mtu alipuliza tuba miaka yote ile na kitu kile.

"Mfuko?" dada akauliza.

"Hakuna mfuko. Ncha zote mbili zilikuwa na afya, nimeziunganisha. Pale palipokuwa na ngiri nimepashona kwa uzi, sitaki kuweka wavu mwingine mahali palipochafuka. Sasa tunasubiri utumbo uamke. Hatakula chochote mpaka ajambe."

"Mpaka ajambe," dada akarudia, taratibu, kama mtu anayekariri maneno ya dawa.

Kesho yake tulipiga fainali. Nilitaka kubaki hospitali, dada akanifukuza. "Nenda ukapige hiyo ngoma. Ukibaki hapa utanilia tu." Uwanja ulikuwa umefurika, watu wanapeperusha vitambaa, jua linatuchoma ndani ya makoti yale. Nilimpigia dada simu, nikaiacha wazi, nikaichomeka kwenye mfuko wa koti. Tulipofika ile sehemu, mpiga tromboni akavuta bomba lake mpaka mwisho akashuka chini, chini kabisa, na uwanja ukalipuka. Mimi sikukimbilia. Tulikuwa wa pili! Bendi ya wazimamoto walituzidi, na walistahili, lakini sisi tulirukaruka mpaka watu wakadhani ni sisi tulioshinda.

Dada alinisimulia baadaye kwamba Besi alisikiliza muziki wote amefumba macho, mpira puani, kidole kimoja kikienda na mdundo juu ya shuka. Mwisho akasema: "Wamejitahidi." Halafu machozi yakamtoka.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko fainali, nacho ni kusubiri upepo.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda sita. Kitanda cha dirishani alikuwa mzee aliyepasuliwa tezi dume. Jirani wa Besi alikuwa dereva wa lori aliyetolewa kidole tumbo, na pembeni kulikuwa na fundi cherehani mwenye jipu. Siku ya kwanza hawakujuana. Siku ya pili kila daktari aliyepita kitandani kwa Besi aliuliza swali moja: "Mzee, upepo umetoka?" Na kila mara Besi akajibu, "Bado." Kufikia siku ya tatu wodi nzima ilikuwa inauliza.

"Besi, vipi?" anaita mzee wa dirishani akiamka tu.

"Bado, baba."

"Mtu anayepuliza tuba anashindwa na kitu kidogo hivyo?" dereva wa lori anashangaa.

"Usinichekeshe, mshono!"

Walimtembeza ukumbini kila asubuhi, dada akishika mkono mmoja na mimi nikisukuma nguzo ya dripu. Tumbo lilikuwa bado limejaa. Usoni daktari bingwa hakuonyesha wasiwasi, lakini niliona alikuwa anapita mara nyingi zaidi, anaweka kipimo, anasikiliza, anaondoka. Dada alianza kuota miviringo myeusi chini ya macho. Kama pale walipounganisha pamevuja, ingebidi arudi chumba cha upasuaji. Hilo tulilijua wote.

Siku ya nne, saa za kutazama wagonjwa, watu wamejaa wodini, Mwalimu amekuja na kikombe chetu cha mshindi wa pili na anasimulia jinsi waamuzi walivyotikisa vichwa kwa mdundo. Ghafla Besi akainua mkono.

"Nyamazeni."

Tukanyamaza. Mwalimu akabaki na kikombe hewani. Ndani ya tumbo la Besi kikasikika kitu kama kiti kinachoburutwa chumba cha jirani. Kikaburutwa tena. Besi alikuwa ametoa macho, anatazama dari. Na kisha, jamani, ikatoka. Haikuwa ndogo. Ilianza chini, ikapanda, ikashikilia, ikatetemeka kidogo mwishoni, na ikamalizika kwa heshima zote.

Halafu mzee wa dirishani akapaza sauti: "Imetokaaa!"

Wodi ikalipuka! Dereva wa lori alipiga makofi mpaka akajishika mshono. Wageni wa wagonjwa wengine, watu tusiowajua kabisa, walitupa mikono ya pongezi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nesi aliingia mbio na mkokoteni wa dawa za dharura akidhani kuna aliyekata roho, akamkuta dada anambusu mumewe paji la uso, shavu, kichwa, na Mwalimu anarukaruka na kikombe.

"Nini? Nini kimetokea?"

"Amejamba!" tukamwambia wote kwa pamoja.

Nesi akaegemea mlango, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia yake. Jioni ile mpira ulitolewa puani, na Besi akanywa vijiko vya supu iliyochujwa. Alisema hajawahi kula kitu kitamu hivyo, na dada, aliyepika supu ile, akamkumbusha habari ya sumu.

Alirudi nyumbani wiki iliyofuata, amekonda, ana kovu refu la wima ambalo sasa hakuna nywele za kulificha. Vioo vikubwa habebi tena, amekatazwa kabisa. Ameajiri vijana wawili wenye nguvu, yeye anakata na kusimamia na kuwapigia kelele ngazini. Kinenani kuna dalili kidogo kwamba mahali pale panaweza kulegea tena, kwa hiyo anavaa mkanda, na kila baada ya miezi kadhaa anakwenda kuonana na daktari bingwa, ambaye humuuliza habari za bendi kabla ya habari za tumbo.

Kupuliza alikatazwa kwa miezi mingi. Alikuja mazoezini hivyo hivyo, akakaa kwenye kiti cha saluni, na kutuimbia sehemu ya tuba kwa mdomo, pu, pu, pu, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Alikuwa mkali kuliko Mwalimu. Mpiga tromboni alijifunza kushuka chini kuliko alivyowahi kutaka.

Mwezi uliopita daktari alimruhusu. Harusi ya kwanza ilikuwa ya yule mama aliyekwenda hospitali na nusu kichwa. Alikuwa anaolewa, na kwa kweli hakuna bendi nyingine ambayo angeikubali. Tulipanda nyuma ya gari la wazi, tukamwekea Besi kiti na mto. Dada alipanda naye, amevaa viatu virefu, amemshikilia mabega kwa nyuma.

"Polepole," akamwambia. "Nusu pumzi."

Besi akaweka midomo. Nusu pumzi hakuijua maishani mwake. Alipuliza, shaba ikanguruma, kuku wakaruka ukutani, bibi harusi akasimama ndani ya gari la mbele akageuka kutupungia mikono yote miwili, na dada akaanza kumgombeza mumewe kwa sauti ambayo, kwa kelele ile, hakuna aliyeisikia. Mimi nikanyanyua fimbo za ngoma. Safari hii nilikimbilia.